Boti Iliyoandikwa Karibu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Naandika polepole, na hata hivyo herufi zangu zinalala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Shule niliishia darasa la nane, na huko kwetu Kirinyaga ulimi haujali sana kama ni l au ni r, kwa hiyo mkono nao haujali. Shangazi amepitia kurasa hizi na kalamu nyekundu, akarudisha kila herufi mahali pake. Mkikuta kosa limebaki, jueni alisinzia. Na habari ya usingizi wake ndiyo hasa ninayotaka kuwaandikia.

Naishi na shangazi, dada ya baba yangu, ndani ya boti kwenye mifereji ya Birmingham. Yeye huniita baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Asubuhi hurudi, anakula mkate na chai, anafunga mapazia na kulala mpaka jioni. Mimi naosha magari ya mizigo katika karakana moja huku Tyseley, asubuhi tu, na saa saba mchana huwa nimeshamaliza. Kwa hiyo mchana mimi ndiye ninayekaa macho na yeye ndiye anayelala.

Boti yetu ni ndefu na nyembamba kama ujia wa hospitali. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, kidogo tu uguse kuta zote mbili. Ni ya chuma, na chuma kinabeba sauti. Kijiko kikianguka jikoni, kule kitandani unasikia sufuria. Na paa liko karibu sana na uso wa mtu aliyelala. Mtu akitembea juu ya paa, ni kama anatembea juu ya paji la uso wako.

Hatuna mahali petu pa kudumu. Boti kama yetu haziruhusiwi kukaa sana sehemu moja. Kila baada ya wiki mbili hivi lazima tung'oe vigingi, tukunje kamba, tusogee. Tunaenda mbele, tunarudi nyuma, lakini hatuendi mbali na Tyseley kwa ajili ya kazi yangu. Wakati wa baridi unaona moshi mweupe wa mtambo wa kuchoma taka, na unajua umefika nyumbani, kama ni nyumbani.

Jina la boti alilichagua shangazi. Boti zote hapa zina majina ubavuni, na yeye alimwita mzee Mwingereza mmoja anayejua kuchora herufi, akamwambia aandike KARIBU, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha njano. Alitaka watu wapitao waulize maana yake, naye apate marafiki. Watu waliuliza kweli, lakini si alivyodhani. Kumbe kwa Kiingereza kuna mnyama wa nchi za theluji, mwenye pembe kama matawi, ambaye jina lake ukilitamka ni karibu vilevile.

"Wewe ndiye wa ile boti ya paa?" waliniuliza, yaani mnyama huyo.

Nami, kwa sababu naona haya kusema na watu, nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nikawaacha na paa wao.

Matatizo yalianza shule zilipofunguliwa baada ya kiangazi. Karibu na mahali tunapopenda kufunga boti kuna daraja la matofali, na watoto wakitoka shule hupita hapo. Kwanza walikuwa wanatupa vitu majini tu: chupa, koni za barabarani, mara moja toroli zima la dukani. Baadaye vijiwe vikaanza kuanguka juu ya paa. Baadaye ikawa miguu. Wanaruka kutoka njiani mpaka juu ya boti, wanakimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wanaruka chini, wanacheka, wanapotea. Nikitoka nje naona migongo na baiskeli.

Siku moja walifungua kamba. Nilikuwa dukani kununua gesi ya kupikia. Niliporudi, boti ilikuwa imelala mlalo katikati ya mfereji, mbele imeegemea ukingo mmoja na nyuma ukingo wa pili, na shangazi yumo ndani amelala. Boti nyingine ilikuwa imesimama, mwenyewe anapiga honi. Nilikimbia na ule mtungi wa gesi mkononi, sijui kwa nini sikuuweka chini. Shangazi alitoka na kilemba kimepinda, akatazama maji pande zote mbili, akauliza, "Baba, tunaenda wapi?"

Wiki ileile dirisha la jikoni likavunjwa kwa jiwe. Tukaliziba kwa kadibodi.

Nilipiga simu kwa wanaoshughulikia mambo hayo. Kiingereza changu kwenye simu kinakauka. Yule mama wa upande wa pili alikuwa mpole, aliniuliza namba ya daraja, aliniuliza watoto wanafananaje. Nikamwambia wana migongo. Akasema wameandika.

Shangazi akaanza kukonda macho. Alikuwa akija kutoka kazini, analala nusu saa, anashtuka. Analala tena, anashtuka. Asubuhi moja aliniambia kwamba usiku, akimlisha bibi mmoja uji, alisinzia na kijiko mkononi. Bibi yule ndiye aliyemwamsha. Alimpapasa shavu na kumwambia, "Lala tu, mwanangu."

Alivyonisimulia hakucheka. Alikaa akizungusha kikombe.

"Ningeweza kumpalia, baba. Uji ule. Ningeweza kumpalia na nimelala."

Kisha akasema atauza boti. Rafiki yake wa kanisani ana chumba Kingstanding, chumba kimoja ndani ya nyumba ya matofali, ghorofani, ambako hakuna mtu anayetembea juu ya uso wako. Rafiki alitaka jibu Jumapili.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe tutaangalia."

Mnajua neno hilo. Mtu mzima akisema tutaangalia, ameshaangalia na hajaona kitu. Usiku ule yeye akiwa kazini mimi sikulala, na mchana sikuketi. Nilifagia boti yote, nikaifagia tena. Kila baiskeli ikipita njiani nilisimama na ufagio hewani nikisikiliza kama itapunguza mwendo.

Mzee wa boti jirani, anayefuga mbwa mdogo wa kijivu, aliniambia tuondoke pale mapema, kabla watoto hawajatoka shule, tukafunge mbali na daraja. Nikamwambia shangazi alipofika asubuhi.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi nalala. Ukiigonga, igonge polepole."

Nilirudi kutoka kazini, nikawasha injini, nikatoa kamba. Nilikuwa na muda wa kutosha. Boti hizi zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea na mzigo, lakini daraja lilikuwa linaonekana, na baada ya daraja kuna kona, na baada ya kona pametulia. Nilikuwa naanza kupumua. Ndipo injini ikabadilisha sauti, ikakoroma, maji ya nyuma yakawa meusi, na boti ikaacha kwenda. Kitu kilikuwa kimejizungusha kwenye panga la chini linalosukuma maji.

Nilizima injini. Nikaisukuma boti kwa mti mrefu wa kusukumia mpaka ukingoni, nikaifunga. Tulikuwa chini ya daraja lenyewe. Mahali pote pa Birmingham, pale.

Nyuma ya boti kuna kifuniko. Unakifungua, unalala kifudifudi, unaingiza mkono kwenye maji mpaka begani, unapapasa. Nilikamata kitambaa kizito, laini. Lilikuwa duveti la mtu, blanketi nene la kujazwa, limefunga panga kama mtoto mgongoni. Nikachukua kisu cha mkate nikaanza kukata, kipande baada ya kipande. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nilikuwa nakata na kusikiliza, nakata na kusikiliza.

Kisha, dum. Dum, dum. Juu ya paa.

Walikuwa watatu, na sare za shule. Wavulana wawili, mmoja ameshika baiskeli yake juu ya paa letu kabisa, na msichana mmoja wa miaka kama kumi na mitatu, nywele zimesukwa, tai ya shule ameifunga kichwani.

"Tafadhali shukeni," nikasema kwa Kiingereza. Sauti ilitoka ndogo kama ya kuku.

"Tafadhali!" mwenye baiskeli akaniigiza. "Anasema tafadhali! Hebu sema tena."

"Mwache, anaoga," akasema wa pili, na wakacheka, kwa sababu nilikuwa bado nimelala kifudifudi na mkono wangu wote uko majini.

"Mimi niliwaambia tunaruhusiwa," msichana akasema. "Si imeandikwa hapa."

Nilisema kwa Kiswahili, wala sikumwambia yeye, nilijisemea tu kama mtu anavyosema na baridi: "Nani amewaruhusu hawa, jamani? Nani?"

Msichana akageuka. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akanyoosha kidole chini, kwenye herufi nyekundu za ubavuni.

"Iko inaandikwa karibu," akasema. Kilikuwa Kiswahili cha Kongo, kimekwaruzwa kidogo na Kiingereza. "Njo maana tulikaribia."

Watu wote wa mfereji huu walisoma paa, na mtu mmoja tu aliyesoma vizuri ndiye aliyekuwa anaturukia kichwani.

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi sibishani na watu. Hata dukani wakinirudishia vibaya natoka tu. Labda ni kwa sababu ilikuwa lugha yangu. Nikamwambia, "Karibu inasemwa baada ya hodi. Wewe ulipiga hodi?"

Akazitazama tena zile herufi.

"Anasema nini?" mwenye baiskeli akauliza. "Anasema nini huyo?"

Msichana akampita. Akaruka chini, akasimama njiani, mbele ya mlango wa boti. Alivua ile tai kichwani akaiweka mfukoni. Akatazama viatu vyake.

"Odi," akasema. Wavulana wakaangua kicheko.

Basi hapo mnione nilivyokuwa. Nimelala kifudifudi, kisu cha mkate mkono mmoja, kipande cha duveti mkono wa pili, na mtu amepiga hodi kwenye mlango wetu. Ni mimi mwenyewe niliyemdai. Nilifungua mdomo na neno halikutoka. Nilikuwa naona kadibodi ya dirisha la jikoni. Nilikuwa naona boti imelala mlalo na shangazi ndani. Nikikaa kimya, mimi ndiye niliyekosa adabu. Nikiitika, nimewaingiza.

"Odi," akarudia, na safari hii sauti yake ilitetemeka kidogo, nadhani kwa hasira au kwa haya.

Na kutoka ndani, nyuma ya mapazia, kwa sauti nzito ya mtu ambaye hajafungua macho, shangazi akaitika:

"Karibu! Ingia, ingia, mlango uko wazi!"

Mwenye baiskeli alikaribia kuanguka majini. "Kuna mtu!" akapiga kelele. "Kuna mtu humo ndani!" Waliruka chini wote wawili, baiskeli ikagonga ukingo wa mawe, wakapanda wakaenda. Msichana peke yake ndiye hakukimbia. Alikuwa ameshaitikiwa.

Mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa amejifunga leso, jicho moja limefumba.

"Nani huyo? Mbona haingii?"

"Ni watoto, shangazi," nikasema.

"Watoto gani?"

"Wale."

Jicho la pili likafunguka. "Wale wa mawe?"

"Wale wa mawe."

Shangazi akamtazama msichana kutoka juu mpaka chini. "Na amepiga hodi?"

"Amepiga. Mara mbili."

"Basi nimeshamkaribisha," shangazi akasema kwa uchovu. "Avue viatu."

Alimkalisha jikoni, chini ya kadibodi. Akaweka maji ya chai, maana kwake mgeni ni mgeni hata akiwa wa namna hii, lakini alikuwa amekasirika. Nilijua kwa jinsi alivyoiweka sufuria.

"Hili dirisha ni kazi ya nani?"

"Si mimi."

"Sijauliza si nani."

Msichana akasogeza miguu. "Ni ya ule wa baiskeli. Mimi ni kamba. Tulitaka kuona kama itaenda."

"Ilienda. Na mimi ndani yake."

"Hatukujua! Pazia zinafungwa mchana. Tulisema ni boti ya bure tu, hakuna mtu."

Shangazi akazima gesi kabla chai haijachemka. Akamwambia, "Njoo." Akampeleka kwenye kitanda chake, akamwambia alale chali, na soksi zake hivyohivyo. Kisha akanigeukia. "Baba, panda juu ya paa. Rukaruka."

"Mimi?"

"Wewe. Kama wao."

Nilipanda. Watu wawili walikuwa wanapita na mbwa, na ile haya yangu yote ikanipanda usoni. Niliruka kidogo. Kutoka ndani shangazi akapiga ukuta. "Ruka!" Basi nikaruka. Niliruka na viatu vyangu vya kazi, vizito, vya mpira, nikakimbia mpaka mbele na kurudi, na ndani nikasikia msichana amepiga ukelele.

Niliposhuka alikuwa ameketi kitandani, mikono masikioni.

"Hivyo ndivyo kila siku," shangazi alikuwa anamwambia. "Na mimi nimetoka kugeuza wazee wa watu usiku kucha, nikirudi tena nawageuza ndotoni kwa kelele zenu."

Chai ilichemshwa upya. Msichana alikunywa yote. Alipokuwa akivaa viatu aliuliza, "Utamwambia mama?"

"Simjui mama yako," shangazi akasema. "Bado. Lakini waongea Kiswahili wa mji huu hawapotei. Nikiuliza kanisani mbili tatu, nitakuwa mlangoni kwenu na mimi nitapiga hodi."

Msichana akafunga kamba za viatu haraka. Mlangoni akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza sasa, "Mngeandika basi. Karibu inaonekana. Kulala hakuonekani."

Aliondoka. Nilimaliza kukata lile duveti, nikawasha injini, tukapita kona.

Neno lake lilinikaa. Kesho yake nilichukua ubao wa kitanda cha zamani, na rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la mchoraji. Nilitaka kuandika kwamba shangazi amelala. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika ni kibaya zaidi, na kwa sababu nilijua msomaji wangu ni nani. Nafasi ilitosha neno moja. Nilichora kila herufi taratibu, ulimi nje, mchana kutwa. Rangi iliisha kwenye herufi ya mwisho. Siku iliyofuata tukarudi daraja lile, maana ndipo karibu na kazi yangu, nikauning'iniza ubavuni.

Msichana alipita siku hiyohiyo, na wale wavulana nyuma yake. Akasimama njiani. Akasoma. Akajishika tumbo.

"Nini?" nikauliza.

"Umeandika AMERARA!"

Nikatazama. Ilikuwa AMERARA. Nilitaka maji yanimeze, ila rangi ilikuwa imekwisha na herufi zimekauka.

"Amerara ni nini?" mwenye baiskeli akamuuliza.

Msichana alinitazama, na kitambo kile nilijua anaweza kunimaliza. Akamwambia, "Ni mama wa hii boti. Akiamka anakula watu."

Tangu hapo wanaiita hivyo. Hakuna anayesema paa tena. Wengine wakifika darajani wanaweka vidole midomoni, "Amerara, Amerara," na kupita kwa ncha za viatu. Siku nyingine wanasahau, au wanakuja wengine wasiojua, na jiwe linaanguka kama zamani. Na siku nyingine msichana mwenyewe anasimama njiani anapiga odi mchana mkali, na shangazi anaitika usingizini, "Karibu!" nami natoka mbio kumwambia ashushe sauti. Sijui kama hiyo nayo si aina ya fujo. Kadibodi bado iko dirishani.

Jumapili rafiki wa Kingstanding alipiga simu. Nilikuwa naosha sahani, na nilifunga bomba la maji ili nisikie.

"Mpe mwingine," shangazi alisema. "Hapana, sijapata pengine. Nimelala siku tatu kati ya tano, si mbaya. Acha nijaribu hapa kwanza." Kisha akacheka. "Ee, huyo ndiye mimi. Amerara."

Niliendelea na sahani zilezile safi. Sijatulia bado, nisiwadanganye. Baiskeli ikipita, mkono wangu bado unasimama hewani. Naandika haya mchana, yeye amelala, na nimesimama mara nne kuchungulia.

Sasa nina ombi. Nyinyi mlio mbali na kwenu, na nyinyi mliobaki, niandikieni. Aliyenipokelea kurasa hizi atanifikishia. Nataka kujua jambo moja: mtu aliyekuvunjia dirisha akikupigia hodi, unaitika? Mimi niliulizwa mara mbili nikakosa sauti, na shangazi aliitika kwa sababu hakuwa macho. Nimemuuliza kama angekuwa macho angesemaje, akaniambia nimwache alale. Niambieni nyinyi. Msijali l wala r. Andikeni kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole.